Viatu vya Nsibambi: Historia ya Unyenyekevu kutoka Namirembe hadi Texas

Kiswahili kina maneno mengi ya kumtaja mtu anayejiona. Kuna kiburi, majivuno, maringo, majigambo, ujeuri na kujikweza. Kinayo vilevile maneno ya hali njema inayofanana na hiyo kwa mbali: fahari, hadhi, heshima, utu. Upande wa pili wa mizani maneno ni machache, na hayo machache hayakai pamoja kwa amani. Unyenyekevu ni sifa, unyonge ni balaa, udhalili ni aibu, na utiifu hutegemea anayetiiwa ni nani. Mkristo msemaji wa Kiswahili anapohimizwa kunyenyekea, husimama katikati ya maneno hayo yote, na historia ya kila moja humfuata kisogoni.

Makala haya yanaifuata historia mojawapo: ile ya Uamsho wa Afrika Mashariki na watu wake, walokole, tangu mwaka 1929 katika kilima cha Namirembe hadi katika ibada za Kiswahili zinazofanyika leo Dallas, Fort Worth na Houston. Hoja yangu ni kwamba unyenyekevu wa walokole haukuwa tabia ya kuzaliwa wala upole wa sauti. Ulikuwa desturi yenye taratibu zake, uliofanywa mbele ya mashahidi, kwa siku maalumu, na wenye gharama iliyoweza kuhesabiwa. Maneno ya desturi hiyo yamevuka bahari salama. Salamu ya "Bwana asifiwe" imefika Texas, na wimbo wa Kiganda wa Tukutendereza Yesu umefika. Taratibu zenyewe, kwa sehemu kubwa, hazikufika. Swali la makala ni kwa nini, na kama hasara hiyo ina dawa.

Namirembe na Gahini

Mwaka 1928 daktari Mwingereza aliyesomea Cambridge, Joe Church, alifika Gahini, karibu na ziwa Muhazi, mashariki mwa Rwanda iliyokuwa chini ya Ubelgiji. Alikuta njaa kali iliyoua watu wengi, hospitali changa, na wasaidizi Waafrika waliotoka Uganda ambao hawakupatana naye. Septemba 1929, akiwa amechoka, alikwenda Kampala kupumzika. Huko Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda wa nasaba ya machifu, mwenye ardhi, mtumishi wa serikali katika idara ya afya. Watu hao wawili walikaa siku mbili wakiisoma Biblia pamoja, wakifuata mistari inayohusu Roho Mtakatifu. Wengi wanaosimulia Uamsho huanzia hapo.

Kilichofuata katika maisha ya Nsibambi kinastahili kuangaliwa kwa makini kuliko kinavyoangaliwa kwa kawaida. Aliacha kazi ya serikali. Akavua viatu. Akaanza kutembea pekupeku na kanzu, akihubiri kwa kila aliyekutana naye. Msomaji wa leo anaweza kudhani hayo ni mambo madogo. Katika Buganda ya wakati ule hayakuwa madogo. Mkataba wa mwaka 1900 ulikuwa umewagawia machifu ardhi ya mailo na kuimarisha tabaka la mabwana Wakristo, na katika tabaka hilo ubatizo, shule, ofisi, viatu na pikipiki vilikwenda pamoja kama shanga za uzi mmoja. Kanisa lenyewe lilikuwa ngazi ya heshima. Kuvua viatu kulikuwa kukiri hadharani kwamba ngazi hiyo ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta usio wake.

Nsibambi hakuenda mbali na nyumbani kwake, aliwatuma wengine. Ndugu yake, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kufundisha. Yosiya Kinuka, mkuu wa wasaidizi wa hospitali ya Gahini, ambaye hakuwa na mapatano na daktari wake, alimtembelea Nsibambi mwaka 1931 na kurudi akiwa mtu mwingine. Hapo pana jambo ambalo wanahistoria wa misheni walichelewa kulipa uzito wake. Upatanisho wa Gahini haukuwa wa mtumishi kumwangukia bwana pekee. Daktari Mzungu naye alijifunza kumwomba radhi msaidizi wake Mwafrika, kwa kutaja kosa kwa jina lake: hasira, dharau, amri zilizotolewa kama za kambi ya jeshi. Katika Afrika ya kikoloni ya miaka ya 1930, tendo hilo lilivuka mstari ambao hakuna sheria iliyoruhusu kuuvuka.

Kigozi alifariki Januari 1936, akiwa bado kijana, muda mfupi baada ya kuandaa maneno ya kuliambia kanisa la Uganda liamke. Neno lake la Kiganda, "zuukuka", likawa wito. Kongamano la Kabale la mwaka 1935 lilikuwa limekwisha kuuvusha moto huo hadi Kigezi. Mwaka 1937 timu ya walokole ilifika Kabete, Kenya. Na kabla ya vita kuu ya pili kwisha, Uamsho ulikuwa umeingia Buhaya, kaskazini-magharibi mwa Tanganyika, ukiwagusa Waanglikana na Walutheri bila kuuliza nani ni wa nani.

Kutembea nuruni

Jina walokole latokana na Kiganda, maana yake waliookolewa. Lilianza kama dhihaka. Wenyewe walipendelea kuitana ndugu. Walikutana kila wiki, nyumbani kwa mtu, chini ya mti au katika chumba cha kanisa. Hawakuwa na katiba, daftari la wanachama, mwenyekiti wa kudumu wala mshahara. Waliongozwa na timu, na uamuzi ulingojewa hadi wote wawe na nia moja. Walikataa kujitenga na makanisa yao. Walibaki humo kama chachu, na mara nyingi kama mwiba.

Kiini cha mkutano kilikuwa kile walichokiita kutembea nuruni. Mtu alisimama, akalitaja kosa lake. Desturi ilidai mambo matatu. La kwanza, kosa litajwe bayana. Kusema "mimi ni mwenye dhambi" hakukutosha, kwani kila mtu ni mwenye dhambi na maneno hayo hayamgharimu msemaji kitu. Alitakiwa kusema kwamba alichukua mabati ya shule, au kwamba alimpiga mkewe siku ya Jumanne. La pili, kilichoibwa kirudishwe. Maofisa wa serikali walishangazwa na watu waliowaletea fedha na vifaa ambavyo hakuna aliyejua vimepotea. La tatu, aliyekosewa aendewe, hata akiwa mdogo. Mume alimwendea mke, mwalimu alimwendea mwanafunzi, Mzungu alimwendea mpishi. Anayetazama taratibu hizo ataona kwamba unyenyekevu haukuachwa moyoni, mahali ambapo kila mtu ni hakimu wa kesi yake mwenyewe. Ulitolewa nje ukapimwa.

Ndiyo maana ulichukiza. Derek Peterson, katika kitabu chake cha mwaka 2012 juu ya Uamsho na uzalendo wa makabila, ameonyesha jinsi walokole walivyogombana na wazee na wanasiasa waliokuwa wakijenga jina jema la taifa lao, wakiandika historia zake na kulinda adabu za nyumba zake. Kwa wazee hao, mtu anayesimama sokoni akisimulia uzinzi wake hakujiaibisha peke yake. Aliwavua nguo baba yake, ukoo wake na kabila zima mbele ya wageni. John Iliffe naye, katika utafiti wake wa mwaka 2005 kuhusu heshima katika historia ya Afrika, ametukumbusha kwamba heshima haikuwa pambo. Ilikuwa mtaji, silaha na sababu ya watu wengi kuishi na kufa. Tukiwasoma waandishi hao wawili kwa pamoja tunaelewa kwamba walokole waligusa mshipa uliokuwa hai.

Kanisa rasmi nalo lilichoka nao. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi 26, William Nagenda akiwa mmoja wao, kwa kukaidi amri iliyowazuia kukutana alfajiri na kuhubiri chuoni. Si vigumu kumwelewa mkuu wa chuo. Wanafunzi wale waliwaambia walimu wao kwamba hawajaokoka, na hakuna mwalimu anayelipokea neno hilo kwa kicheko.

Hapo ndipo kidonda cha Uamsho kilipokuwa tangu mwanzo. Mtu aliyejishusha mbele ya watu huweza kujikuta amepanda juu yao. Ungamo huwa cheti. Machozi huwa sarafu. Aliyevunjika sana humhukumu aliyevunjika kidogo. Baadhi ya vikundi vilianza kupima wokovu kwa mtindo wa nywele, kwa kukopa au kutokopa fedha, kwa kufuga au kutofuga mbwa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970, walokole wa Uganda waligawanyika kati ya waliojiona wameamshwa upya na waliosemekana wamelala tena. Mtu hawezi kuandika historia ya unyenyekevu huo bila kuandika historia ya kiburi kilichoota ndani yake, kama magugu yanavyoota penye mbolea nzuri.

Unyenyekevu usio unyonge

Lipo shtaka kubwa zaidi, nalo ni la kisiasa. Inadaiwa kwamba mahubiri ya kujishusha yaliwafaa watawala. Shtaka hili halipaswi kupuuzwa, kwa sababu katika nchi zetu na katika Texas pia kunyenyekea kumefundishwa na wenye mijeledi. Neno la Kigiriki ambalo Agano Jipya linatumia kwa unyenyekevu lilikuwa, kwa watu wa Athene na Roma, neno la dharau: hali ya aliye chini, ya mtumwa. Ukristo uliligeuza neno hilo kuwa sifa kwa kumtazama Kristo aliyeshuka kutoka juu kwa hiari yake. Lakini wamiliki wa watumwa walilichukua neno na kuiacha hiari. Pwani yetu inalijua jambo hili. Utumwa ulipofutwa Zanzibar mwaka 1897, waliokuwa watumwa hawakukimbilia mahubiri ya kujishusha. Walikimbilia nguo: kanga, buibui, kanzu, kofia, alama zote za uungwana walizonyimwa. Hakuna mwenye akili timamu atakayeiita hatua hiyo kiburi.

Walokole walilijibu shtaka hili kwa matendo, na majibu yao hayakuwa ya watu wanyonge. Wakati wa vita vya Mau Mau katika miaka ya 1950, ndugu wengi wa Kikuyu walikataa kula kiapo, na wengi wao hao hao walikataa kubeba bunduki za serikali. Baadhi waliuawa. Unaweza kuupinga msimamo wao kwa hoja za kizalendo, na wako wanaoupinga hadi leo, lakini hauwezi kuitwa utiifu kwa mkoloni.

Festo Kivengere, aliyezaliwa Kigezi mwaka 1919 na kuokoka mwaka 1941, alisimulia mara nyingi jinsi alivyofunga safari ndefu ya baiskeli kwenda kumwomba radhi Mzungu mmoja kwa sababu alikuwa amemchukia. Hakuomba radhi kwa kuwa Mzungu alikuwa na haki. Aliomba radhi kwa chuki yake mwenyewe. Mtu huyo huyo alikuwa askofu wa Kigezi wakati Askofu Mkuu Janani Luwum, mlokole mwenzake, alipouawa tarehe 16 Februari 1977 baada ya maaskofu kumwandikia Idi Amin juu ya mauaji na dhuluma. Kivengere alikimbia nchi, na mwaka huo huo akachapisha kitabu alichokipa jina la kusema kwamba anampenda Idi Amin. Wapo waliolisoma jina hilo kama udhaifu. Walisahau kwamba aliyeliandika alikuwa mmoja wa waliomkabili mtawala huyo kwa maandishi angali na bunduki.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, mtu wa Uamsho tangu mwaka 1950. Mwaka 1971, mjini Milwaukee, aliwaambia Wakristo wa Marekani kwamba wamisionari warudi makwao na fedha zao zisitishwe kwa muda, ili makanisa ya Afrika yajifunze kusimama. Wasikilizaji wengi waliliona hilo kuwa kiburi cha mtoto aliyesomeshwa. Kwa mantiki ya Uamsho lilikuwa unyenyekevu uliokomaa. Kanisa linalopokea kila kitu kwa mkono mmoja haliwezi kuungama makosa yake, kwa maana makosa yake yote yana mfadhili. Na kanisa linalotoa kila kitu halitaki kusikia ungamo lake mwenyewe.

Jimbo la mambo makubwa

Texas hujivunia kuwa ilikuwa jamhuri kamili kwa miaka tisa, kuanzia 1836 hadi ilipojiunga na Marekani mwaka 1845. Karibu na Houston, mahali jeshi la Mexico liliposhindwa, ilijengwa nguzo ya San Jacinto, iliyokamilika mwishoni mwa miaka ya 1930. Ina urefu wa takriban mita 173, nayo inaipita kwa mita chache nguzo ya Washington iliyoko mji mkuu wa taifa. Uwanja wa Astrodome, uliofunguliwa Houston mwaka 1965, ulitangazwa kuwa ajabu la nane la dunia. Wenyeji husema kwamba kila kitu Texas ni kikubwa zaidi, nao husema hivyo wakicheka, lakini hawatanii.

Dini haikubaki nyuma. Mwaka 1965 Billy Graham alihubiri ndani ya Astrodome, na Rais Lyndon Johnson akahudhuria. Graham, ingawa hakuwa mtu wa Texas, alikuwa tangu mwaka 1953 mshirika wa Kanisa la Kwanza la Kibaptisti la Dallas. Kanisa la Lakewood lilianza Houston mwaka 1959 katika duka lililoachwa la chakula cha mifugo. Mwaka 2005 lilihamia katika uwanja uliokuwa wa timu ya mpira wa kikapu ya Houston Rockets, ukumbi wa viti vipatavyo 16,000, na mwaka 2010 jiji likaliuzia jengo hilo kwa dola milioni 7.5. Dallas nayo ina The Potter's House, iliyoanzishwa na T. D. Jakes mwaka 1996. Makanisa hayo hulisha wenye njaa na kuwafariji wengi. Lakini lugha yao kuu ni ya ushindi: kupanda, kupenya, kuongezeka, kuwa kichwa. Katika lugha hiyo, kushuka hueleweka kama kituo cha njiani kuelekea juu. Methali yetu ya mtaka cha mvunguni sharti ainame ingepokelewa vizuri sana huko, maana nayo huinama kwa ajili ya kitu fulani.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, Namirembe ikiwa nyenyekevu na Texas ikiwa ya majivuno. Historia hairuhusu. Tarehe 19 Juni 1865, huko Galveston, Jenerali Gordon Granger alitangaza kwamba watumwa wa Texas wako huru, miaka miwili na nusu baada ya tangazo la Rais Lincoln. Tangazo hilo hilo la Galveston liliwashauri walioachwa huru wakae kimya walipo na kuwafanyia kazi kwa ujira mabwana wao wa jana. Hata siku ya uhuru waliombwa kuwa wanyenyekevu. Jibu lao lilikuwa kujenga. Mwaka 1866 Wabaptisti weusi wa Houston walianzisha kanisa la Antioch. Mwaka 1872 viongozi wao, mchungaji Jack Yates akiwemo, walichanga wakanunua ekari 10 ili watu wao wapate mahali pa kusherehekea siku ile bila kumwomba mtu ruhusa. Kiwanja hicho, Emancipation Park, kipo hadi leo. Waliokinunua walivaa nguo zao nzuri kila Juni wakaandamana. Hiyo ni fahari, nayo ni ndugu wa damu wa kanga za Zanzibar. Anayehubiri unyenyekevu katika Texas bila kuijua historia hiyo ana hatari ya kuhubiri kwa sauti ya Granger.

Heshima iliyovuka bahari

Wasemaji wa Kiswahili waliofika Dallas, Fort Worth na Houston walifika kwa njia tofauti. Wakenya na Watanzania wengi walikuja kwa masomo na kazi, hasa uuguzi. Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wengi walikuja kama wakimbizi, baada ya miaka mingi katika kambi za Tanzania, Kenya au Uganda. Wote walikutana na jambo moja: heshima yao haikupewa viza. Mwalimu mkuu, mzee wa kanisa, mhasibu, mama mwenye duka, wote walianza upya. Diaspora yetu imelipa jambo hilo jina la utani, kubeba boksi, na jina hilo hutumika hata kwa yule anayebadilisha mashuka ya mzee wa Kimarekani usiku kucha.

Tuwe waangalifu hapa. Si kila aliyeshushwa amejishusha. Wahubiri hupenda kumwambia mhamiaji kwamba kazi yake ya chini ni shule ya unyenyekevu. Inaweza kuwa, akiichagua iwe hivyo. Isipochaguliwa ni ujira mdogo tu, na moyo unaoumizwa na ujira mdogo hutafuta fidia. Fidia hiyo, kwa wengi, hupatikana Jumapili. Katika ukumbi uliokodiwa, mara nyingi alasiri baada ya wenyeji kumaliza ibada yao, yule aliyeitwa kwa jina lake la kwanza na meneja wa miaka 25 anaitwa tena Mzee, Mheshimiwa, Mchungaji. Vyeo huongezeka kuliko waumini: Askofu, Mtume, Nabii, Daktari. Michango ya harambee na ya misiba husomwa pamoja na majina na viwango, na orodha huzunguka katika vikundi vya WhatsApp hadi Nairobi na Bukavu. Kusanyiko la watu 60 hugawanyika mara mbili kwa sababu ya nani akae kiti gani mbele.

Simwelezi mtu ili nimcheke. Ninaliona katika vyeo hivyo jambo lile lile lililowafanya waliokuwa watumwa wanunue kanga na ekari 10. Mtu aliyenyimwa heshima siku sita ana haki ya kuitafuta siku ya saba. Shida ni kwamba heshima ikitafutwa kanisani peke yake, kanisa hugeuka soko lake, na katika soko hakuna anayetaja kasoro za bidhaa yake. Hapo ungamo hufa. Watu hushuhudia safari, kazi mpya, nyumba, hati za ukaazi. Hawashuhudii tena dharau, wivu na deni lisilolipwa.

Ipo sababu nyingine ya kufa kwa ungamo, nayo si kosa la mtu. Kutembea nuruni kulihitaji watu wanaofahamiana, wanaokaa karibu, na watakaoonana tena Ijumaa ijayo. Houston na Dallas zimejengwa kwa ajili ya gari. Ndugu wawili wa kanisa moja wanaweza kuishi umbali wa mwendo wa saa nzima, mmoja akifanya kazi usiku na mwingine mchana. Tena, neno lililosemwa chumbani hurekodiwa kwa simu. Na kuna makosa ambayo, yakitamkwa mbele ya watu 20, hayamleti mtu kwenye aibu tu bali mbele ya mahakama ya uhamiaji. Mlokole wa Kigezi aliyerudisha mabati ya serikali alihatarisha kifungo. Mama asiye na hati kamili anayeungama jinsi alivyozipata alizo nazo anaweza kuhatarisha watoto wake. Kumdai ungamo la hadharani kwa jina la Uamsho ni ukatili, hata kama unaimbiwa Tukutendereza.

Kilichobaki

Je, taratibu za walokole zimekufa basi? Nadhani sehemu yake ndiyo inayohitajika hasa Texas, mradi tuitenge na hadharani. Hadharani haikuwa kiini. Viini vilikuwa kutaja kosa bayana, kurudisha kilicho cha watu, na kumwendea mdogo. Josiah Kibira wa Bukoba, aliyekulia katika Uamsho na kuchaguliwa mwaka 1977 kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Walutheri Duniani, aliandika mwaka 1974 kitabu juu ya kanisa na ukoo, akiutazama ushirika wa ndugu kama ukoo mpya ndani ya kanisa. Ukoo una faida moja ambayo ukumbi wa viti 16,000 hauna: ndani yake unajulikana. Watu watatu au wanne wanaoaminiana, wanaokutana jikoni kwa mmoja wao, wanatosha kwa nuru.

Kurudisha nako kuna kazi nyingi katika jumuiya zetu. Fedha za michezo ya upatu ambazo hazikurudi, ahadi za viwanja nyumbani ambazo hazikutimizwa, michango ya msiba iliyobaki na isiyotolewa hesabu, mishahara ya yaya aliyeletwa kutoka kijijini kwa maneno matamu: hayo hayahitaji kipaza sauti. Yanahitaji mtu aende na bahasha.

Na mdogo wa kwanza wa kuendewa yumo nyumbani. Katika familia nyingi za wahamiaji, mtoto wa miaka 12 ndiye mkalimani wa baba yake kwa daktari, benki na shuleni. Mizani ya heshima imepinduka, na baba huirudisha sawa kwa ukali, kwa sababu ukali ndiyo lugha pekee ambayo mtoto hawezi kumtafsiria. Katika malezi yetu mzazi huamrisha, husamehe na hutoa baraka; kuomba radhi kwa mtoto hakumo. Walokole walikuwa watu wa kwanza katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki kuliingiza jambo hilo katika nyumba za wakulima, nao waliitwa wendawazimu kwa ajili yake. Baba anayemwambia binti yake, kwa Kiswahili kibovu kilichochanganyika na Kiingereza chake kibovu zaidi, kwamba jana alimkaripia kwa sababu ya aibu yake mwenyewe mbele ya karani, hajapoteza ubaba. Amemwonyesha binti kwamba heshima yao haiko mikononi mwa karani.

Nsibambi alifariki mwaka 1978. Kwa wengi jina lake limebaki katika vitabu vya historia ya kanisa tu. Lakini alichokifanya kwa viatu vyake kilikuwa na sharti moja ambalo hurahisishwa tunapolisimulia: viatu vilikuwa vyake. Alikuwa na haki ya kuvivaa, na kila mtu alijua. Wale ambao viatu vyao vilichukuliwa na wengine, huko Galveston, Unguja au kambini Nyarugusu, hawadaiwi kwanza wavue. Wanadaiwa kwanza warudishiwe. Unyenyekevu wa Kikristo, kama historia hii inavyoufundisha, huanza kwa aliye na kitu cha kukiweka chini, na mara nyingi yeye ndiye aliyekalia kiti cha mbele.